Ngozi Kutoka Madina

Ni Zadani, ni katibu,
kazi yangu ni hesabu
za ngano na za dhahabu,
hapa Kufa, diwanini.

Baba alilima Hira
kwa posho, si kwa ujira;
nilifunzwa kwa bakora
herufi za mchangani.

Siku moja, jua kali,
akaja mtu wa mbali,
ngamiawe hoi hali,
na barua kiunoni.

Barua yake Khalifa:
kijingozi chenye nyufa,
si ya kupelekwa Kufa,
upana wa mkononi.

Nikaitega kwa jua,
chini nikayagundua
maneno yalopungua
ya ngamia wa zizini:

mmoja ana kilema,
mwingine kapata ndama,
na tende za kuzipima
zilizobaki jamvini.

Ngozi moja, kazi mbili,
ikakwanguliwa mwili;
mwenye Shamu na Babeli
ngozi mpya haioni!

"Pishi yenu ina pengo,
wajane hula uongo;
anzeni na mwenye gongo
aliye nyuma safuni."

Jundubu, amiri wetu,
hakusema kitu, katu;
akavua na viatu,
akaingia ghalani.

Pishi ile tukavunja,
mpya fundi akachanja,
na Rababu akaonja
unga wa haki kinywani.

Barua, mwaka kwa mwaka,
zilikuja na viraka,
herufi zimesongeka,
mbegu za komamangani.

Nikajifunza kubana
wino, kufupisha jina;
tone moja naliona
ni deni langu shingoni.

Leo nimetoka sala,
tarishi, bila kulala,
kanipa, pasi suala,
ngozi mpya, ya thamani,

nyeupe kama maziwa,
pana, imekunjwa sawa,
ina nta, imetiwa
uturi toka Yemeni.

Nta sijaipasua,
tayari nilishajua:
mkono wa kukwangua
umelala kaburini.

Rababu kaja na kapu,
kauliza chapuchapu,
"Mbona hii ngozi tupu?
Pishi itakuwa gani?"

Sikuwa na la kujibu.
Nikafungua kitabu,
jina jipya, kwa adabu,
nikaandika — pembeni,

dogo, kama sisimizi;
mkono hauziwezi
herufi kubwa. Na ngozi
ilobaki, i ghalani.