Dakika ya Arobaini na Mbili

Inafika dakika ya arobaini na mbili, inakufa.
Haitoi ukelele. Picha inaganda,
bibi harusi nusu jicho, nusu kope,
kisha dirisha linajifunga kama mtu aliyetukanwa
na mimi nabaki kutazama ua la bluu
nililoliweka nyuma ya kila kitu mwaka juzi.

Mara ya kwanza nilisema, bahati mbaya.
Mara ya tatu nikaulaumu umeme wa Ngamiani.
Mara ya tisa nikachukua kadi ya mwaliko iliyobaki
nikaanza kuandika mgongoni mwake:
saa ngapi, nini kilikuwa wazi, feni inaelekea wapi.
Maana Chande, fundi wa Barabara ya Nane,
hamtibu mgonjwa asiyejieleza.
"Inazima tu" kwake si ugonjwa,
ni uvivu wa kusema.

Nimefuta kashe: giga tisini za makapi,
vivuli vya harusi nilizokwisha kulipwa
na mbili ambazo sitalipwa.
Nimefunga kila programu inayodokoa pembeni.
Nimetengeneza nakala nyepesi
ili mashine ibebe kikapu badala ya gunia.
Inatembea. Inatembea vizuri.
Arobaini na mbili. Inakufa.

Chande akaja na baiskeli, hana mkoba,
mfukoni ufutio wa penseli wa mwanawe.
Akafungua ubavu wa kompyuta, akachomoa rami mbili,
akayasugua meno yao ya dhahabu polepole
kama anafuta jibu baya kwenye daftari la mtu.
"Mji huu," akasema, "sisi tunakula chumvi,
chumvi inakula shaba."
Ufutio ukageuka kahawia.
Tukawasha. Tukaanza kushangilia kwenye arobaini na moja.

"Basi si mwili," akasema. "Ni kitu umemlisha.
Kata nusu."

Nikaficha nusu ya mwisho: ikafa.
Nikaficha nusu ya kwanza: ikapita.
Nusu ya nusu, robo ya robo,
ngoma zikatoka, sinia za biriani zikatoka,
mashangazi wote wa Mikanjuni wakatoka na miwani yao,
kikabaki kipande kimoja
kutoka simu ya mzee Shekiondo, baba wa bibi harusi,
aliyeniambia, "Weka na zangu, nilipiga chache."

Dakika kumi na moja za giza.
Alibonyeza, akasahau, akaitia simu mfuko wa kanzu.
Na fremu zenyewe zinakuja zipendavyo,
ishirini na tisa, tisa, thelathini,
mashine inahesabu, inapotea, inarudia,
kila fremu inaishika haiachii,
hadi giga kumi na sita zote zimejaa weusi.

"Futa," akasema Chande. "Nani atalilia giza?"
Mguu mmoja tayari uko juu ya pedali.

Nikatoa sauti peke yake. Nikavaa spika za masikioni.
Kitambaa kinakwaruza. Bomba. Jogoo asiyejua saa.
Kisha mzee, nyuma ya nyumba, anajaribu nasaha:
"Mwanangu Mwanamkasi, leo..."
Kikohozi.
"Mwanangu Mwanamkasi, leo unatoka..."
Bomba linafunguliwa, linafungwa.
Mara saba anaanza,
mara saba hapo hapo.
Ya nane anamuuliza mtu kama barafu imefika.

Ukumbini alisema, "Karibuni chakula," akakaa.
Watu walicheka. Nilimvuta karibu kwa kamera, naye akicheka,
na picha hiyo ninayo, dakika ya hamsini na tatu,
safi kabisa, haijawahi kusumbua.

Kile kipande nimekitoa kwenye filamu; hakuna aliyekiagiza.
Sauti nimeiweka kwenye flashi ndogo,
flashi ndani ya bahasha, bahasha na jina lake, si la mkewe.

Saa kumi alfajiri mstari wa kijani umefika mwisho.
Saa mbili mama mtu kapiga simu:
wiki tatu, mwanangu, kwani kulikwama nini?

Rami, mama.
Chumvi tu.