Mfuko wa Manjano

Saa nane usiku, Nagpur. Chumba cha kuchanganyia dawa
kiko chini kabisa ya hospitali, hakina dirisha.
Nimevaa glavu mbili, barakoa, na miwani ya mume wangu
kwa kuwa yangu niliikalia.
Mbele yangu kichupa, unga wa manjano,
rangi ya bizari iliyosahauliwa kabatini.

Amfoterisini. Wauguzi huiita Mtetemeshi.
Kijidudu cha udongoni kiliipika kwanza,
kando ya mto ambao sitauona,
wala si kwa ajili yetu:
kilikuwa na ugomvi wake na majirani.

Kitanda cha kumi na saba, Pandurang Dhote,
dalali wa machenza, soko la Kalamna,
aliyetaja bei kwa kutazama ganda tu.
Dawa zilizompoza mapafu zilimpandishia sukari,
na kuvu nyeusi ikaonja,
ikapanda kutoka puani kuelekea jicho la kushoto.
Jicho lilitolewa Jumanne.

Kuvu si mgeni kwetu. Ina kiini kama sisi, utando kama sisi;
ni binamu wa karibu kuliko bakteria yeyote.
Ndugu wakigombana, walisema, shika jembe ukalime.
Sina shamba mimi. Nimeitwa niamue.

Kuta zetu zimekandikwa kolesteroli,
zake ergosteroli: udongo wa shimo moja, maji tofauti.
Dawa hupapasa gizani,
ikihisi ule udongo mwingine hujipanga duara,
ikatoboa,
na uhai wa kuvu unavuja, potasiamu kwanza.
Lakini mwenye kupapasa hukosea nyumba.
Hutoboa na figo.
Ndiyo sababu kila alfajiri naulizia damu ya mzee
kama mtu anayeulizia deni.

(Kitanda cha kumi na nane, Ketaki, mwanafunzi,
kirusi cha malengelenge kimemwingia ubongoni.
Yeye anapewa asiklovia.
Huingia selini imelala;
kimeng'enya cha kirusi chenyewe ndicho huiamsha,
mwizi akijivisha pingu kwa mkono wake.
Kisha hujipachika kwenye mnyororo anaousuka
na haina pete ya kushikia pete inayofuata.
Mnyororo unakoma hapo.
Dawa yenye adabu namna ile ningeiandikia barua ya mapenzi.)

Yangu ya usiku huu haina adabu.
Haitaki mwanga: naifunika karatasi ya kaki.
Haitaki haraka: saa sita, tone kwa tone.
Na haitaki chumvi. Figo zinaihitaji chumvi, hivyo mzee anapewa kwanza,
kisha mrija unasafishwa ndipo dawa ipite,
maana zikikutana inaganda
kama maziwa yaliyokamuliwa ndimu.

Chhaya, bintiye, alisoma maandishi ya mfuko.
"Dada, baba ana kisukari.
Mbona mnamtundikia maji ya sukari?"

Nilikuwa na jibu la darasani. Nikalitoa, nusu.
Dawa hii hukubali kubebwa na sukari tu.
Tutaongeza insulini.
Sikumwambia ninavyoliwaza nikiwa peke yangu huku chini:
kwamba iliyomlisha adui
ndiyo inayombeba muuaji wake hadi mlangoni,
na hodi ni ile ile.

Saa ya pili mzee akaanza kutetemeka,
kitanda kikagonga ukuta, blanketi tatu, meno.
Tulipunguza kasi. Tukampa pethidini. Tukangoja.
Karibu na mapambazuko akatulia
akaomba aone kinachoingia mwilini mwake.
Hairuhusiwi. Niliinua karatasi kidogo.

Akautazama mfuko kwa jicho lililobaki,
kichwa kakiinamisha upande, kama yuko mnadani.

"Bado bichi," akasema.
"Usiuze leo."