Robo Inchi

Daktari Lindqvist ananiomba nivue kofia,
nisogee chini ya taa.
Nje, Fargo imeganda; theluji imelala juu ya magari
kama shuka juu ya viti vya nyumba iliyohamwa.
Anachana rula ya karatasi, ile ya kutumika mara moja,
anailaza kwenye mdomo wangu wa juu.
"Usitabasamu," anasema.
Daktari, hata ningetaka.

Sikupigwa risasi. Niseme hilo mapema,
maana watu wakisikia jeshi hunibandika bendera.
Ilikuwa gereji ya malori, Kuwait, saa tisa mchana.
Waya wa chuma uliofunga shehena ulichoka kabla yetu,
ukakatika, ukanitafuta.
Mdomo huponza kichwa, husema wenye methali.
Wangu ulikikinga:
ulipokea peke yake kilichokuwa kikilijia fuvu zima.

Kovu nalo lina kitabu chake cha sheria.
Likifika robo inchi kwa upana, hiyo ni alama.
Likibonyea chini ya kidole, alama.
Likishikana na nyama ya ndani, likakataa kusogea,
alama nyingine.
Alama moja ni asilimia kumi,
mbili au tatu ni thelathini.
Na midomo, nimejifunza leo, huhesabiwa jozi, kama macho,
kana kwamba mmoja ukifa
wa pili hukaa eda.

Lindqvist anapima, anaandika, anapima tena.
Ameinama hadi nasikia peremende kwenye pumzi yake.
Miaka kumi na tisa sijakaribiwa hivi na mtu
asiyekuwa mke wangu
au kinyozi.

"Linauma?"
Kwenye baridi, nasema.
(Huku baridi ni miezi sita.)
"Unakula vizuri?"
Vizuri tu.
Maren anakohoa kutoka kwenye kiti cha pembeni.
"Mwambie supu," anasema.
Nanyamaza.
"Mwambie unavyokula umegeukia ukuta."
Lindqvist anasubiri, kalamu hewani.
Basi namwambia supu: inavyoshuka kidevuni bila mimi kujua,
hadi nione macho ya watu yakishuka nayo.
Namwambia uji wa mjukuu, nisioweza kuupuliza ukapoa;
pumzi inatokea kando, kama upepo wa mlango mbovu.
Simwambii kuhusu herufi.
Fomu haina mahali pa herufi.
Ziko chache tu zinazotaka midomo miwili igusane,
na mke wangu, kwa bahati yake,
jina lake linaanza na mojawapo.
Naren, ndivyo ninavyomwita.
Naren, chai. Naren, umefunga mlango?

Barua ilikuja mwezi wa tano, wakati wa kupanda viazi.
Kovu, thelathini. Maumivu, kumi.
Nikasema arobaini, hesabu ya mtoto.
Maren akachukua penseli, akageuza bahasha,
akafuata walivyoeleza:
mtu mzima ni mia.
Ondoa thelathini, amebaki mtu wa sabini.
Ile kumi haikatwi kwenye mia,
inakatwa kwenye huyo aliyebaki:
saba tu.
Thelathini na saba. Kisha wanaisogeza
hadi kumi iliyo karibu, na tunarudi palepale, arobaini,
kwa njia ya mzunguko kama mtu aliyepotea ndani ya shamba lake.

Lakini nilikaa na hesabu ile kwa muda.
Kwamba jeraha la pili halimkuti mtu yule
aliyekutwa na la kwanza;
linamkuta aliyepungua, linamega kwenye salio.
Hilo nililijua.
Sikujua tu kwamba kuna karani mahali
aliyelijua pia, akalitengenezea jedwali.

"Sitini na tatu," Maren alisema,
penseli bado mkononi.
Akaandika namba hiyo, akaizungushia duara,
akaibandika bahasha kwenye friji
chini ya sumaku ya duka la mbegu.
Nikamuuliza ya nini.
"Ya kwangu," alisema. "Nisije nikadhulumiwa."

Nikamwita kwa jina, vile ninavyoweza.
Alikuwa ameshatoka kwenda kwenye viazi,
na kutoka huko, bila kugeuka,
akaitika.