Sikuuliza, Haikuja

Saa mbili kasoro usiku, Mtaa wa Mkunguni.
Maduka ya vitenge yanashusha milango ya chuma,
na Bwana Kiluvia, funguo za gari mkononi,
ananiachia kazi moja, "ndogo tu":
nataka wenye deni la zaidi ya siku tisini.
Wote. Kwenye jedwali lao. Asubuhi dalali anakuja.

Ndogo kweli. Kwenye jedwali kuu
wamo watu elfu sita na mia nne,
wamerundikana kama viatu mlangoni pa msikiti siku ya Ijumaa,
kila jozi na mwenyewe.
Nikaandika swali, mistari minne:
chagua jina, simu, mtaa, kiasi, dhamana,
pale ambapo siku zimezidi tisini,
na juu kabisa neno moja, unda,
ili jibu lisipite kiooni likapotea,
lisimame, lipewe jina, likae.
Nikaliita wadaiwa_sugu.
Nikabonyeza.

Feni haijamaliza mzunguko wake,
watu mia mbili na kumi na watatu
wana nyumba mpya.

Nilijiona fundi, nisidanganye.
Nikanywa chai ya tangawizi iliyokwisha poa
nikiwashusha kwa kidole, mmoja mmoja:
Tabu Mwinyimvua, Tandika.
Shomvi Dihenga, Buza.
Zuhura Pazi, Mbagala Kizuiani, cherehani mbili.

Ila jedwali la namna hii lina tabia yake:
linachota maji, linaacha kisima.
Funguo hazihami. Ile kamba
inayomfunga Zuhura na mdhamini wake,
na marejesho ya kila Jumatatu, na wenzake watano wa kikundi,
imekatika kimya, bila kosa kuonyeshwa.
Humu hana mtu. Ni jina na kiasi.

Na safu ya maelezo, ile ndefu ya mwisho,
anayoijaza Mwasiti wa dirisha la tatu
kwa vifupisho vyake na tahajia yake,
"mume kalazwa mwananyamala kaomba wk mbili",
"kaleta nusu atamalizia sikukuu ikipita",
sikuuliza,
haikuja.

Saa mbili na nusu asubuhi Zuhura akafika dirishani
na noti zilizokunjwa ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Mwasiti akahesabu mara mbili, akagonga muhuri,
na kule kwenye jedwali kuu deni likashuka hadi sifuri,
kama mshale wa mizani mzigo ukishatolewa.
Kwangu lilibaki palepale:
laki nne na themanini elfu.
Jedwali langu halikusikia kitu.
Lilizaliwa usiku,
na usiku ule mmoja ndio wote linaoujua.

Dalali alikuwa ameshavuka Mtongani
na karatasi zangu, kurasa saba,
zilizotoka na joto la printa.
Nilimpigia. Ikaita. Ikaita.

Wanasema kuuliza si ujinga. Sawa.
Lakini jana niliuliza kwa usahihi kabisa,
hakuna hata mkato niliokosea.

Saa sita kirikuu ya bluu ilirudi.
Cherehani mbili nyuma, na kwenye moja
shati la shule bado limeshikwa na sindano:
mkono mmoja umeshonwa,
wa pili haujaanza.

Nimelifuta wadaiwa_sugu. Amri moja. Halikulia.
Karatasi zipo, kwenye dashibodi ya mtu.
Bwana Kiluvia kauliza nimelihifadhi wapi,
nikamwambia ngoja kidogo, bosi,
na nikakaa tena mbele ya jedwali kuu.
Safari hii sikuunda chochote.
Niliomba maelezo peke yake,
nikayasoma yote, na makosa yake ya tahajia,
mpaka mlinzi akazima taa za ngazi:
mia mbili na kumi na wawili.