Mabuti ya Delmar

Kila jioni, kabla ya kuvuta pazia,
nayatoa nje mabuti ya Delmar,
namba kumi na mbili, kisigino cha kulia kimelika,
nayaweka pembeni mwa ngazi ya gari-nyumba
kana kwamba mwenyewe ameingia sasa hivi,
amechoka, na hataki kusemeshwa.
Kando yake, bakuli la mbwa.
Mbwa sina. Nina jina lake tu,
nimeliandika kwa rangi nyekundu: GOLIATHI.

Delmar yuko Nebraska, chini ya nyasi,
mwaka wa tatu sasa, na soksi zake za sufi.

Aliyenifundisha ni Maite Etcheverry,
askari mstaafu wa Elko, mjukuu wa wachunga kondoo wa Kibaski,
mfupi, nyonga mbovu, vidole kama koleo.
Tulikuwa wajane wanane na mwanamume mmoja mwenye haya
katika chumba cha nyuma cha maktaba,
tukingoja kufundishwa mateke.
Akatutazama magoti. Akacheka.
"Teke lenu ni moja," akasema,
"mguu wa kulia, kwenye pedali ya mafuta.
Egesha pua ikitazama njia ya kutokea.
Kiti cha dereva kisikaliwe na sweta, wala kikapu, wala paka.
Ufunguo ulale mahali pamoja kila usiku, kama meno ya bandia.
Dawa ya nyigu? Upepo ukigeuka utajipulizia mwenyewe.
Bastola? Nani hapa anaona gizani bila miwani?
Ukiwa na shaka, ondoka.
Radhi huombwa kesho, na aliye hai."

Saa tisa usiku, kituo cha malori nje ya Wells,
mlango uligongwa mara tatu.
Si kwa nguvu. Hilo ndilo lililonitisha:
ngumi ningeielewa.
"Bibi," sauti ikasema. "Bibi, gari lako—"

Sikungoja sentensi iishe.
Hatua sita kutoka kitandani hadi kwenye usukani,
nilikuwa nimezipiga macho nimefumba, mara ishirini,
Maite ameshika saa.
Gauni la kulalia, miguu mitupu, pedali baridi kama samaki.
Sufuria ikaanguka, vikombe vikafuata,
nami nikaikalia honi mpaka barabara kuu.
Kwenye kioo cha pembeni, kijana mwenye koti la njano,
mkono juu.
Ameshika kitu. Au anapunga. Au ananitukana.

Maili thelathini mbele, chini ya taa ya kituo cha petroli,
nikalizunguka gari mara mbili na tochi.
Gari langu nini? Magurudumu mazima.
Mfuniko wa tangi upo. Gesi haivuji. Taa zinawaka.
Ndipo nikaona pembeni mwa ngazi
hakuna kitu.

Nikakaa pale pale nikalia, wala si kwa hofu.
Nilikuwa nimemwacha Delmar
akilinda gari ambalo halipo.
Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, sawa;
kiota hakitajwi.

Nilirudi jua likiwa juu kabisa.
Malori yamekwenda. Mabuti hayapo.
Bakuli lipo, limesogezwa hadi ukingoni
magurudumu yasilifikie,
na limejazwa maji, pomoni.

Kuna mtu alimwamini Goliathi.
Au alinicheka. Sijui, na sitajua.
Nilimpigia Maite. Alinyamaza, nikasikia kijiko chake
kikizunguka kikombeni.
"Ungeondoka tena?"
"Ningeondoka tena."
"Basi."

Siku hizi bakuli silitoi kavu.
Na Jumamosi, kwenye duka la mitumba la kanisa,
nimenunua mabuti mengine, dola nne, meusi,
nimeyapaka matope, nimeyapinda ulimi.
Namba kumi na mbili hawakuwa nayo.
Delmar amepungua namba moja.