Sehemu ya Sita

Mimi niliikumbuka kengele.
Ng'ombe amefungwa kwenye kigingi, usiku,
sehemu ya kwanza, filamu haijafika hata nusu,
kengele shingoni inalia kidogo, inalia kidogo,
halafu hailii.
Hatukuonyeshwa kitu kingine.
Kibanda kizima cha Pasua kilimeza mate kwa pamoja,
na Mrutu, aliyetutafsiria kwa maiki iliyovalishwa soksi,
akasema taratibu, kwa lafudhi yake ya Upareni:
"Jamani. Huyo ng'ombe hayupo."

Tulirudi nyumbani tumeshikana mashati.
Kaka yangu Aminieli, jasiri wa kuiba parachichi za misheni,
wiki mbili nzima aliniomba nimsindikize chooni,
nami nilikubali
kwa malipo ya sukari guru.

Sasa ni Desemba. Moshi imejaa magari ya watu wa mbali,
kila ukoo unapanda mlimani na kreti za soda.
Aminieli katoka Geita na kikohozi na simu mbili.
Hajakaa vizuri, anauliza:
"Ya sita imetoka. Mrutu bado yupo?"

Yupo. Kibanda kina vigae na viti vya plastiki,
kiingilio elfu moja kwa kichwa, mtoto naye ni kichwa.
Maiki haina soksi.
Ndeshi wangu ana miaka saba;
nimemwandaa tangu Jumatatu: utaogopa, unishike mkono.

Dakika ya tano, dinosaria arobaini.
Nimewahesabu kama mbuzi wa mahari.
Wanaruka, wanapiga mbizi, wanavunja daraja,
mmoja anawaka taa mgongoni,
mmoja, Mungu anisamehe, anakonyeza.
Yule dada wa sehemu ya kwanza,
aliyelala chini ya trekta kajiziba pumzi kwa kiganja,
wamemrudisha,
wamempa miwani mipya na maneno manne ya kusema.
Kila kitu kinalipuka. Hakuna kinachokosekana,
na nadhani ugonjwa ulikuwa hapo.
Kibaya chajitembeza; hiki kilitembea saa mbili na robo.

Ndeshi alikuwa anachomoa uzi kwenye pindo la gauni,
anauzungusha kidoleni.
Aminieli alikuwa kwenye simu. Ile ya pili.

Mrutu alijitahidi, haki ya Mungu.
Aliyabatiza yale majitu majina ya wadeni wake,
akasema lile lenye pembe linadai ushuru Mbuyuni,
tukacheka
kama watu wanavyomsaidia mgonjwa kukaa kitandani.
Halafu mlima ukapasuka, mabawa yakaziba jua,
na Mrutu akanyamaza.

Maiki wazi. Tulimsikia akipumua,
tukasikia akikoroga chai.
Akasema, kwa sauti ya nyumbani kwake:
"Hapa sina cha kutafsiri. Wanapiga kelele tu."

Akapunguza sauti ya filamu mpaka ikabaki picha.
Majitu yakaendelea kuumana kimya, kama samaki kwenye ndoo.
"Wa zamani wapo humu?" akauliza.
Mtu wa nyuma akaguna.
Mrutu akagonga kikombe kwa kijiko.
Kidogo. Kidogo tena.
Mara ya tatu akachelewa.
Akagonga.
Mara ya nne hatukuisikia.

Kiti cha plastiki kililia mahali fulani, kikaacha.
Aminieli alilaza simu kifudifudi pajani.
Vidole vya Ndeshi, na uzi wake, vikaingia kiganjani mwangu.

Majina ya watengenezaji yalipanda ukutani, mamia kwa mamia,
hakuna aliyeyasoma.
Nje, Aminieli alianza kulalamikia elfu tatu yake,
akaiacha sentensi katikati.
Tulipita nyuma ya mashine ya kusaga, palipo giza.
"Mama," Ndeshi akasema,
"kulikuwa na nini pale kwenye kikombe?"