Kipepeo wa Bawa Moja

Kwanza walisema ni mapenzi.
Halafu nilipopungua mpaka gauni la Idi
likanikaa kama pazia la jirani,
walisema lile jingine, kwa sauti ya chini,
huku wakinihesabia mifupa ya bega.
Wifi yangu akaniletea kombe kwenye chupa ya soda.
Nikalinywa lote. Moyo ukaendelea kukimbia.

Mimi fundi cherehani, Mtaa wa Aggrey,
kibaraza cha duka la vitenge.
Miaka kumi na tisa uzi huingia tundu la sindano
kama mtu anayerudi kwake.
Mwezi wa pili, joto la Dar limetuvaa wote,
mimi nikavuja kuwashinda wote.
Uzi ukapita kushoto, ukapita kulia,
vidole vinatetemeka
kama vinasikia ngoma nisiyoisikia mimi.

Mashine yangu ya zamani iliwahi kuugua hivi:
unaondoa mguu kwenye pedali,
gurudumu linazidi kuzunguka,
sindano inashona hewa.
Saa tisa usiku, Buguruni imelala,
nimelala chali, mkono kifuani,
nikaitambua sauti ile.

Upanga. Chumba cha picha, baridi kama ghala la samaki.
"Mwanahawa Pazi?"
Kijana wa mashine anaitwa Anyelwisye.
Akauliza: umekunywa dawa ya kikohozi?
Umepigwa picha nyingine karibuni? Una mimba?
Nikamwambia nina miaka hamsini na moja, mwanangu,
mimba ya nani?
Akacheka, akaandika *hapana*.

Sindano ndogo mkononi.
Dawa ina mionzi kidogo, akasema,
haihitaji kuelekezwa, shingoni inapajua:
tezi itaidhania madini joto,
yale yanayoandikwa kwenye pakiti ya chumvi.
Nikangoja. Kisha nikalazwa, mto chini ya mabega,
shingo juu
kama kuku anayesubiri bismillahi.
"Usimeze mate."
Jamani, ukiambiwa usimeze mate
kinywa kizima kinageuka bomba la mtaa lililopasuka.

Kwenye kioo zikaanza kuanguka punje,
punje, punje,
mtama unaomwagwa na mkono usioonekana.
Tezi yenye afya, alisema, hufanana na kipepeo.
Wangu alikuwa na bawa moja.
Kulia, duara linawaka, limejaa, halipumziki.
Kushoto giza,
nyumba iliyoishiwa luku.

Daktari Masinde akaigusa picha kwa kalamu.
"Nundu hii inafanya kazi bila kutumwa.
Mwenzake kaona kila kitu kinafanyika, akalala.
Hajafa. Huyu akitulizwa, yule ataamka."

Hajafa. Kalala.
Nikamfikiria mdogo wangu Shukrani, Mbagala,
ambaye tangu mama afariki
hajaleta hata kilo ya sukari,
na mimi mbio: ada, kodi ya nyumba, dawa za mzee,
mchango wa harusi ya mtu nisiyemjua.
Nikamwuliza daktari
kama shingo huiga tabia za mwenyewe.
Akasema hapana, mama, hayahusiani.
Sawa.
Hata hivyo ile picha sikuikunja.

Usimpakate mtoto mpaka kesho, walisema.
Jioni mjukuu akasimama mlangoni, mikono juu,
mimi ng'ambo ya sebule
na kilo zangu arobaini na nne.
"Bibi, una moto?"
Kidogo, nikasema. Utapoa.

Nikachukua simu, nikampigia Shukrani.
Ikaita mpaka ikakata.
Ikaita mpaka ikakata.
Mara ya tatu akapokea,
sauti nzito, imejaa usingizi:
"Dada? Kuna nini?"